Simu ya Gigahezi 2.3 Ilivyoshindwa na ya Gigahezi 1.6



Simu za skrini kubwa si anasa tena. Mshahara unapitia humo, karo ya mtoto inatumwa humo, mkopo wa chama cha akiba unaombwa humo, na katika mashamba kadhaa hata kilo za majani ya chai au tani za miwa zinaandikwa humo. Anayeinunua ni mtu wa mshahara mdogo. Mara nyingi hana fedha taslimu, basi anaichukua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku, na asipolipa inafungwa ikiwa mkononi mwake. Mtu wa namna hiyo akiuziwa simu kwa maneno matamu, anayalipa maneno hayo mwaka mzima.

Maneno yenyewe huja kwa sura ya tarakimu. Nenda duka lolote la simu utaona zimeandikwa kwenye boksi au kwenye bango: prosesa ya viini 8, gigahezi 2.3. Muuzaji atakuambia kwamba hii ni kali kuliko ile ya pembeni yenye gigahezi 1.6, kwa sababu 2.3 ni kubwa kuliko 1.6, na hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza. Kijana mmoja aliwahi kuniambia bila haya kwamba viini nane mara 2.3 ni 18.4, kwa hiyo simu anayouza ina gigahezi 18. Hakuna simu ya gigahezi 18 duniani. Ukiwa na saa nane ukutani na kila moja inasema saa tatu, haiwi saa ishirini na nne.

Mimi sikupita darasa la saba, na mambo haya nimeyasoma kidogo kidogo usiku kwa sababu wanachama walikuwa wananiuliza. Nimeona si magumu kama wanavyotaka tuamini.

PIGO NI PIGO, KAZI NI KAZI

Prosesa ni kipande kidogo cha silikoni, upana wake kama ukucha wa kidole gumba, na ndiyo ubongo wa simu. Ndani yake mna swichi ndogo mno ziitwazo transista. Prosesa ya A7, ambayo kampuni ya Apple iliitoa mwaka 2013, ilikuwa na transista zaidi ya bilioni 1. Swichi hizo zinakwenda pamoja kwa kufuata pigo moja, kama wapiga makasia wanavyofuata wimbo: kila pigo, hatua moja. Gigahezi 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde. Gigahezi 2.3 ni mapigo bilioni 2 na milioni 300.

Hiyo ndiyo tarakimu ya kwenye boksi. Ni idadi ya mapigo tu. Haisemi kila pigo limetoa kazi kiasi gani.

Sisi tunaolipwa kwa kilo hatuhitaji profesa wa kutueleza jambo hili. Chukua wachumaji wawili wa chai. Mmoja mikono yake inakwenda kama sindano ya cherehani, lakini kila mara anatoka na majani mawili matatu. Mwenzake anakwenda taratibu, na kila akifumba kiganja kimejaa. Jioni kwenye mizani karani haulizi mikono ilikwenda mara ngapi. Anasoma kilo. Na kilo za prosesa ni mapigo yake mara kazi ya kila pigo. Anayekuambia mapigo peke yake amekupa nusu ya hesabu.

Sasa tutazame viini vyenyewe. Kiini ni mfanyakazi ndani ya prosesa. Ndiye anayepokea amri na kuzitekeleza. Karibu simu zote za leo zinatumia viini vinavyofuata lugha ya kampuni ya Arm, yenye makao yake Cambridge, Uingereza. Asili yake ni kampuni ndogo ya kompyuta iliyoitwa Acorn, ambako Sophie Wilson na Steve Furber walibuni prosesa iliyoanza kufanya kazi Aprili 1985. Arm haina kiwanda cha prosesa. Inauza michoro. MediaTek ya Taiwan, Unisoc ya China na Qualcomm ya Marekani hununua michoro hiyo, huipanga kwa namna zao, kisha kazi ya kutengeneza hupewa viwanda vya watu wengine, hasa TSMC ya Taiwan. Apple hununua ruhusa ya kutumia lugha tu, viini hujichorea wenyewe. Ndiyo maana prosesa mbili zenye majina tofauti kabisa zinaweza kuwa na mfanyakazi yuleyule ndani, na prosesa mbili za kampuni moja zinaweza kuwa na wafanyakazi wasiofanana hata kidogo.

Mchoro mmoja uliouzwa sana unaitwa Cortex-A53. Arm waliutangaza mwaka 2012. Ni kiini kidogo, cha bei nafuu, kisichokula umeme mwingi. Kinapokea amri zisizozidi mbili kwa pigo, na kinazitekeleza kwa foleni, moja nyuma ya nyingine kama zilivyokuja. Amri ya mbele ikisimama kungoja kitu, za nyuma zote zinasimama.

Mchoro mwingine, Cortex-A75, ulitoka mwaka 2017. Huo unapokea amri tatu kwa pigo, na haushikilii foleni. Fikiria mizani ya jioni. Mama mmoja amefika mbele, kamba ya kapu lake imejifunga fundo. Karani wa kwanza anakunja mikono na kungoja afungue, na watu thelathini wanangoja naye huku giza linaingia. Karani wa pili anasema, "Mama, simama hapo kando ufungue taratibu, anayefuata alete kapu." Makarani hao wawili wanaweza kuwa na mikono yenye kasi sawa. Pengine yule wa kwanza ndiye mwenye mikono ya haraka zaidi. Lakini foleni ya nani itakwisha mapema?

Hapo ndipo tunafika kwenye kichwa cha makala hii. Prosesa ya Helio G35 ya MediaTek, iliyomo katika simu ya Redmi 9C ya mwaka 2020, ina viini 8 vya Cortex-A53 vinavyofika gigahezi 2.3. Prosesa ya T606 ya Unisoc, iliyomo katika Nokia G21 ya mwaka 2022, ina viini 2 vya Cortex-A75 na viini 6 vidogo vya Cortex-A55, na hakuna hata kimoja kinachozidi gigahezi 1.6. Zote mbili ni za simu za bei ya chini, na zote mbili zina viini nane. Kwa tarakimu ya boksi ya kwanza inashinda kwa mbali. Kwa majaribio ya kupima kazi ya kiini kimoja, ya pili ndiyo inayoshinda, tena kwa zaidi ya mara moja na nusu.

Haikuniingia akilini mpaka nilipoona kwa macho. Chama kimoja cha akiba cha wafanyakazi wa shamba la chai kilitaka kununua simu 12 kwa ajili ya wawakilishi wanaotunza hesabu ya kilo, ili siku ya mshahara tusibishane na ofisi kwa vikaratasi vilivyolowa mvua. Fedha ilikuwa ya wanachama. Duka lilileta simu mbili za kuchagua, na mwenyekiti, mzee ninayemheshimu sana, alikwisha kuamua kwamba anataka ile ya gigahezi 2.3, ambayo bei yake ilikuwa juu kidogo. Nikamwambia, "Mzee wangu, tusinunue ng'ombe kwa kusoma urefu wa pembe. Tuzipe kazi yetu." Tukafungua katika simu zote mbili daftari la hesabu la mwezi mzima, mistari mia kadhaa, huku ujumbe wa kikundi ukiingia, tukapiga picha ya karatasi ya mizani na kuituma. Ile ya gigahezi 1.6 ilikuwa imemaliza na inatungoja. Ile nyingine daftari lilikuwa bado linajivuta. Mzee akairudia mara tatu, na mara ya tatu akacheka. Siandiki majina ya simu hizo wala ya duka, maana mwenye duka naye alikuwa anasoma boksi kama sisi.

MAREKANI WALIVYOPIGANA KWA TARAKIMU

Mchezo huu haukuanzia kwenye simu. Ulianzia kwenye kompyuta za mezani, na mwisho wake ulikuwa wa aibu.

Novemba 2000 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya Pentium 4 yenye gigahezi 1.4 na 1.5. Nyakati hizo wanunuzi walikuwa wamezoeshwa kuuliza swali moja tu: ina megahezi ngapi? Intel wakabuni prosesa ya kujibu swali hilo. Walichofanya ni kuigawa kazi ya kila amri katika vituo vingi vidogo vidogo. Waliowahi kushona katika kiwanda cha mashati wataelewa mara moja. Ukiwa na vituo kumi, kila mshonaji ana kazi ndefu kidogo. Ukivifanya ishirini, kila mmoja anashona kipande kifupi tu, basi msimamizi anaweza kupiga filimbi haraka zaidi. Pentium III ilikuwa na vituo 10 hivi. Pentium 4 ilikuwa na 20. Toleo lililotoka mwaka 2004 lilifika vituo 31.

Filimbi inalia haraka, na tarakimu inapanda. Lakini prosesa hubahatisha: haisubiri kujua jibu la swali ndipo iendelee, hukisia njia itakayofuatwa na kuanza kazi. Ikikisia vibaya, vyote vilivyomo katika mstari wa vituo hutupwa na kuanza upya. Ni kama oda ya mashati ya bluu imebadilishwa kuwa nyeupe wakati mstari wote umejaa vipande vya bluu. Mstari wa vituo 10 unapoteza vipande kumi. Wa vituo 31 unapoteza vipande thelathini na kimoja. Ndiyo sababu katika programu kadhaa Pentium 4 ya gigahezi 1.4 ilishindwa na Pentium III ya gigahezi 1, ya kampuni hiyohiyo.

Washindani hawakukaa kimya. Julai 2001, mkubwa mmoja wa Apple aitwaye Jon Rubinstein alisimama jukwaani New York akaeleza jambo hili la vituo, akaonyesha mashine yake ya megahezi 867 ikiishinda Pentium 4 ya gigahezi 1.7. Bila shaka alichagua kazi zilizompendeza yeye, maana naye alikuwa anauza. Kampuni ya AMD ilipita njia nyingine: Oktoba 2001 ilianza kuziita prosesa zake kwa namba zisizo za gigahezi. Ile iliyoitwa 1800+ ilikwenda kwa gigahezi 1.53. Yaani walichoka kueleza, wakaamua kupambana na tarakimu kwa tarakimu.

Intel walikuwa wamesema usanifu huo ungeweza kufika gigahezi 10. Haukufika hata 4. Joto liliwazuia. Mwezi Mei 2004 wakaifuta prosesa iliyokuwa inafuata, na Oktoba mwaka huohuo wakaifuta ile ya gigahezi 4 waliyokuwa wameiahidi. Mwezi huo mkuu wa kampuni, Craig Barrett, alipanda jukwaani mbele ya mkutano mkubwa wa watu wa kompyuta akapiga magoti, kwa mzaha lakini mbele ya watu wote, kuomba msamaha. Julai 2006 wakatoa Core 2 Duo, ambayo haikutokana na ukoo wa Pentium 4. Ile ya gigahezi 2.4 iliziacha nyuma katika kazi nyingi Pentium zilizokuwa zinakwenda kwa gigahezi 3.7.

Wanunuzi wa Pentium 4 nao walikwenda mahakamani, wakidai kwamba kampuni ilipamba matokeo ya majaribio ili prosesa ile ionekane bora. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2014, kampuni haikukiri kosa, na mnunuzi aliyestahili aliweza kudai dola 15. Miaka kumi na minne imepita, kompyuta yenyewe imekwisha tupwa, ndipo mtu anapewa dola 15.

JOTO HALINA RAFIKI

Kwa nini wasiendelee tu kuongeza mapigo? Sababu kubwa ni joto, na hesabu yake ni fupi. Umeme unaoliwa na prosesa hufuata idadi ya mapigo, mara volti, mara volti tena. Na mapigo yakizidi, kwa kawaida volti nayo lazima iongezwe, la sivyo swichi hazifunguki kwa wakati. Ukiongeza vyote viwili kwa asilimia 20, basi piga 1.2 mara 1.2 mara 1.2. Jibu ni 1.73 hivi. Umepata mapigo zaidi kwa asilimia 20 na umelipia umeme na joto zaidi kwa asilimia 73.

Zamani jambo hili halikuumiza. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa kampuni ya IBM walionyesha kwamba transista zikifanywa ndogo, volti nayo inaweza kupunguzwa, basi unaongeza mapigo bila kuongeza joto. Kwa miaka thelathini viwanda viliishi kwa neema hiyo. Kufikia mwaka 2005 hivi ilikwisha: volti haikuweza kushuka zaidi sana, kwa sababu swichi ndogo zilianza kuvujisha umeme hata zikiwa zimefungwa.

Kompyuta ya mezani ina feni. Simu haina kitu. Ina kioo, plastiki au bati, na kiganja chako. Kwa hiyo prosesa ya simu inapopata moto hujipunguzia mapigo yenyewe, bila kukuambia. Ndiyo maana boksi huandika "hadi gigahezi 2.3". Neno "hadi" ni dogo kuliko yote kwenye boksi lakini ndilo linalobeba mzigo. Maana yake ni kwamba inaweza kufika huko kwa kitambo, kiini kimoja au viwili, ikiwa baridi. Mwaka 2015 prosesa ya Snapdragon 810 ya Qualcomm ilipata sifa mbaya kwa joto; viini vyake vikubwa vilipunguza mapigo muda mfupi baada ya kuanza kazi nzito. Samsung hawakuitumia katika Galaxy S6, wakatumia ya kwao. LG katika simu yao ya G4 walichagua ndugu yake mdogo, Snapdragon 808, mwenye viini 6 badala ya 8.

Kuna na kizuizi kingine ambacho wauzaji hawakitaji kabisa. Prosesa haina stoo kubwa ndani yake. Kitu kisipokuwepo karibu lazima kifuatwe kwenye kumbukumbu ya nje, na safari hiyo huchukua takriban nanosekunde 100. Kwa prosesa ya gigahezi 2 hizo ni mapigo 200 ya kungoja. Ukiipandisha mpaka gigahezi 2.5, kumbukumbu haikuwa na haraka zaidi kuliko jana. Sasa unangoja mapigo 250. Mnaofanya kazi kwenye kiwanda cha sukari mnajua: ukizidisha mzunguko wa kinu wakati matrekta ya miwa yamekwama matopeni, unasaga hewa.

INJINI NANE ZA KUKATIA MAJANI

Turudi kwenye simu, maana hapa pana kichekesho ambacho lazima nikisimulie.

Mapigo yalipoanza kugonga ukuta, makampuni yalihamia kwenye kuhesabu viini. Mwaka 2013 simu ya Galaxy S4 ya Samsung iliuzwa katika nchi nyingi ikiwa na prosesa ya viini 4 na gigahezi 1.9. Mwaka huohuo Apple walitoa iPhone 5s: viini 2 tu, gigahezi 1.3. Ukisoma boksi, hapakuwa na mashindano. Lakini kiini cha Apple kilikuwa kipana, kikiweza kupokea hadi amri sita kwa pigo, na katika majaribio mengi ya kufungua kurasa za intaneti kilikuwa mbele.

Agosti 2013 mkuu wa matangazo wa Qualcomm, Anand Chandrasekher, aliulizwa kuhusu prosesa za viini 8 ambazo MediaTek walikuwa wanajiandaa kuzileta. Akazikejeli. Alisema kwamba huwezi kuchukua injini nane za mashine ya kukatia majani, ukaziunganisha, ukadai una gari la Ferrari. Maneno mazuri, na kwa sehemu kubwa ya kweli, kwa sababu kazi nyingi za simu hazigawanyiki mara nane. Ukiwa na wapakiaji wanane na mizani moja, saba wanangoja. Novemba mwaka huo MediaTek wakatangaza prosesa yao, MT6592, yenye viini 8 vidogo vya Cortex-A7. Ikapendwa sana na wauzaji wa simu za bei nafuu. Na Februari 2014, miezi sita tu baada ya ile kejeli, Qualcomm wenyewe wakatangaza Snapdragon 615. Ilikuwa na viini vingapi? Nane, vyote vya Cortex-A53.

Sisemi viini vingi ni upuuzi. Oktoba 2011 Arm walitangaza mpango wa kuweka viini vikubwa na vidogo katika prosesa moja: vidogo vya kusoma ujumbe na kusikiliza redio, vikubwa vya kazi nzito, ili betri idumu. Ni busara, huwezi kuwasha trekta kwenda kununua chumvi. Swali la kumuuliza muuzaji ni viini vikubwa viko vingapi. Nane vidogo vitupu ni jambo moja. Viwili vikubwa na sita vidogo ni jambo jingine.

Wala sisemi tarakimu ya gigahezi ni uongo. Ukilinganisha kiini kilekile, Cortex-A53 na Cortex-A53, chenye mapigo mengi ndicho chenye kasi. Na mapigo yameendelea kupanda polepole: simu ya kwanza ya Android, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa na megahezi 528, na mwaka 2024 Qualcomm walitoa Snapdragon 8 Elite inayofika gigahezi 4.32. Lakini kati ya hizo mbili kazi imeongezeka kwa mbali zaidi ya mara nane ambazo mapigo yameongezeka, na ziada hiyo imetokana na upana wa viini, wingi wake, na stoo za karibu.

HATA KIPIMO KINAHONGWA

Mtu atasema, basi tuachane na mapigo, tutazame majaribio. Ni afadhali, ila uwe macho. Julai 2013 waandishi wa AnandTech waligundua kwamba Galaxy S4, katika toleo lenye prosesa ya Samsung wenyewe, ilikuwa inazitambua programu za kupimia kasi kwa majina yake. Ikiona mojawapo imefunguliwa, sehemu ya kuchora picha ilikwenda megahezi 533. Kwa michezo ya kawaida ya mnunuzi iliishia 480. Ni sawa na kiwanda kinachopunguza mwendo wa mashine na kugawa glavu siku ya mkaguzi tu. Kesi iliyofunguliwa Marekani juu ya simu hiyo ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2019, na wanunuzi wakaahidiwa hadi dola 10 kila mmoja. Kampuni nyingine nazo zimekamatwa na mchezo wa namna hii, Huawei mwaka 2018 na OnePlus mwaka 2021.

Kwa hiyo jaribio zuri kwa mfanyakazi ni lile analolifanya mwenyewe dukani, kwa kazi yake mwenyewe. Uliza jina la prosesa, si gigahezi. Ukishalijua jina, kijana yeyote mwenye intaneti atakutafutia kwa dakika mbili ni viini vya aina gani vimo. Ukiona A53 au A55 peke yake, jua ni simu ya kazi nyepesi, usilipe bei ya nzito. Kisha mwombe muuzaji akuruhusu uishike kwa robo saa, uchezeshe video, ufungue programu nne tano, halafu urudie kazi ya kwanza. Kama sasa inajivuta na mgongo wake unaunguza, hiyo ndiyo kasi utakayoishi nayo. Na usisahau kumbukumbu. Simu nyingi za bei ya chini hazicheleweshwi na prosesa bali na kumbukumbu ya gigabaiti 2 iliyojaa, ambapo kila ukibadilisha programu simu inaanza kufungua upya kila kitu. Kwa mtu wa fedha kidogo, gigabaiti 4 zenye mapigo machache zitamfaa kuliko gigabaiti 2 zenye mapigo mengi.

Wanaonunua simu kuukuu wana la ziada la kuangalia, nalo ni betri. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba iPhone kadhaa za zamani zilikuwa zinapunguziwa kasi ya prosesa pale betri inapochakaa, ili simu isizimike ghafla. Sababu ilikuwa ya kweli, maana betri iliyochoka haiwezi kutoa umeme wa ghafla unaohitajika. Ila wenye simu hawakuwa wameambiwa, na wengi walidhani chombo kimezeeka wakaenda kununua kipya. Februari 2020 Ufaransa iliwatoza Apple faini ya yuro milioni 25 kwa kutowaarifu watu, na mwaka huohuo Marekani wakakubali kulipa hadi dola milioni 500. Kabla ya hapo walikuwa wameshusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Simu iliyobadilishwa betri ilirudi kwenye mapigo yake ya awali, kwa prosesa ileile.

Basi ukipewa simu kuukuu ya iPhone, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya betri, utazame imebaki asilimia ngapi ya uwezo wake. Kama iko chini ya 80, ondoa gharama ya betri mpya kwenye bei kabla hujatoa shilingi.